Darasa la Usikimbilie

Binti yangu aliamini kwamba namwekea kitu kwenye uji. Aliwaambia majirani, akamwambia shangazi yake, akamwambia hata mama wa duka la pembeni aliyekuja kuulizia chupa zake tupu. Watu wakanipa pole. "Ndiyo ugonjwa huo," walisema, "mtu anamgeuka hata aliyemzaa." Nikazipokea pole zao, nikashukuru. Na kila asubuhi, yeye akiwa bado kitandani, nilisaga vidonge vinne kati ya vijiko viwili, nikavikoroga kwenye uji wake na sukari ya kutosha.

Niseme mapema nilifikaje hapo, maana sipendi kuzungukazunguka.

Binti yangu ana skizofrenia. Ilimwanza akiwa na miaka ishirini na mbili, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, anapanga mikate kwenye kreti. Kwanza akawasikia wenzake wakimsengenya kupitia feni. Halafu antena ya jirani wa ghorofa ya juu ikaanza kumnasa mawazo. Alilazwa mara tatu. Kila akitoka anameza dawa wiki tatu, mwezi, kisha anaanza kuzificha chini ya ulimi na kuzitema kwenye sinki. Nilikuwa nazikuta zimenasa kwenye kichujio, zimevimba kama punje za wali. Mara ya tatu alikutwa katikati ya barabara kuu, miguu mitupu, anasimamisha malori ili awahoji madereva. Lori moja lilifunga breki likasimama hatua mbili kutoka kifuani kwake. Nilifika wakati dereva bado ameshikilia usukani, hawezi hata kunitukana.

Siku ile niliamua. Sikumuuliza mtu.

Kazi yangu ni kugawa dawa. Nina diploma ya famasia na miaka kumi na tisa ya kusimama nyuma ya dirisha. Nahesabu vidonge kwa kisu cha plastiki juu ya sinia la bluu, vitano vitano, naandika kwenye bahasha, namwambia mteja kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi: "Usisage, usichanganye na chakula bila kuuliza!" Wenzangu wananiita Sajini. Cheti cha daktari cha mara ya mwisho nilikuwa nacho, dozi naijua, dawa naijua. Nikajigawia mwenyewe. Nyumbani nikaanza kusaga.

Na ilifanya kazi. Mwezi wa pili akaanza kuoga bila kusukumwa. Mwezi wa nne akaniuliza kama nimechoka. Hospitali aliwaambia wazi kwamba vidonge hamezi, nao wakaandika kwenye faili: amekataa dawa. Daktari wa kliniki alikuwa akimwangalia na kutikisa kichwa kwa mshangao, jinsi mgonjwa asiyetumia chochote anavyozidi kupata nafuu. Mimi nimekaa pembeni na mkoba wangu mapajani. Nilijiambia nitasema akishapona vizuri. Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine.

Kwa kuwa ametulia, wakamwingiza darasani.

Darasa lilikuwa Jumatano, chumba cha mwisho cha kliniki, viti vya plastiki na ubao mweupe. Jina lake rasmi lilikuwa refu, mafunzo ya kufikiri juu ya kufikiri. Wagonjwa wenyewe waliliita Darasa la Usikimbilie, kwa sababu mwanasaikolojia aliyelifundisha alisema neno hilo kila dakika tano. Kijana mwembamba mwenye sauti ya upole, shati limechomekwa vizuri. Wote walimwita Mwalimu.

Wiki ya nne waliwaita wazazi. Mwalimu akabandika ubaoni picha iliyofunikwa kwa vipande vya karatasi.

"Natoa kipande kimoja kimoja," akasema. "Kila nikitoa, niambie unadhani ni nini, na una uhakika kwa asilimia ngapi. Usikimbilie. Hakuna zawadi ya haraka hapa."

Akatoa kipande cha kwanza. Mstari wa kijani. Akatoa cha pili. Mstari ule ukajipinda.

"Nyoka," nikasema.

"Uhakika?"

"Mia kwa mia. Endelea na picha nyingine."

Mzee mmoja wa darasani, dereva mstaafu aliyeamini mtangazaji wa redio anamsema yeye, akageuka kwenye kiti. "Mama, mimi ndiye mgonjwa hapa na niko asilimia thelathini. Wewe umeingia kwa cheti gani?"

Watu wakacheka. Mwalimu akaendelea kutoa vipande. Ulikuwa mpira wa kumwagilia bustani, umezungushwa kwenye bomba.

"Sajini kaua mpira!" binti yangu akasema, akacheka mpaka akashika tumbo. Miaka mitatu sikuwa nimesikia kile kicheko. Kina mkoromo mdogo mwishoni, kama cha marehemu baba yake. Nikajifanya nimeudhika ili aendelee.

Mwalimu akaeleza baada ya hapo, na ninakumbuka karibu neno kwa neno. "Sisi hatuji hapa kuwaambia mawazo yenu ni ya uongo. Tunaangalia njia ambayo akili inapita mpaka kufika kwenye jibu. Akili ya kila mtu hukimbia, mmemwona mama. Ugonjwa huu huiongezea mbio. Kwa hiyo tunajizoeza kusimama na kuuliza: nina ushahidi gani? Kuna maelezo mengine? Na nani ninayemwamini naweza kumuuliza?"

Binti yangu alikuwa anaandika.

Wiki mbili baadaye, jioni, nilikuwa naosha vyombo. Akaja akakaa kwenye kistuli cha jikoni na karatasi mkononi.

"Mama, nina kazi ya darasani. Usicheke."

"Nimecheka?"

"Una uso wa kucheka. Kaa basi."

Nikajifuta mikono, nikakaa. Karatasi alikuwa ameigawa katikati kwa rula. Upande mmoja yanayounga mkono, upande mwingine yanayopinga. Juu ameandika kwa herufi kubwa: MAMA ANANIWEKEA KITU KWENYE UJI.

Akasoma kama anavyosoma mtoto mbele ya darasa. Yanayounga mkono: siku nyingine uji una uchungu chini ya sukari. Nikishakunywa nasikia usingizi. Mama haniruhusu nipike uji mwenyewe. Mama hajawahi kuonja kutoka kikombe changu, hata siku moja. Yanayopinga: Mama ni mama yangu. Ingekuwa sumu ningeshakufa. Nimenenepa. Nilishawahi kukosea, nilisema kwenye feni kuna watu na feni ikafunguliwa mbele yangu, hamkuwa na mtu. Naumwa ugonjwa unaomfanya mtu ashuku.

"Nilianza na mia," akasema. "Baada ya kuandika nikashuka mpaka hamsini. Sasa Mwalimu anasema hatua ya mwisho ni kumuuliza mtu unayemwamini. Nimekaa nikafikiri namwamini nani. Nikaona ni wewe huyohuyo." Akatabasamu kidogo. "Kwa hiyo nakuuliza. Unaniwekea kitu?"

Bomba lilikuwa linadondosha matone kwenye sufuria. Nilikuwa na muda. Angeningoja, alishafundishwa kungoja.

"Hapana," nikasema.

"Hapana kabisa?"

"Nikuwekee nini, mwanangu? Hapana."

Akaangalia karatasi. Akakata hamsini, akaandika kumi. Akafikiri, akakata kumi, akaandika tano. Halafu akaanza kulia, bila sauti, machozi yanatiririka tu.

"Mama, nimekutangaza mtaa mzima. Nimewaambia watu wewe ni muuaji. Nilimwambia Shangazi aje anichukue kabla hujanimaliza. Nisamehe, mama."

"Yameisha."

"Hayajaisha, nataka nikuombe vizuri." Akashuka kwenye kistuli, akapiga magoti kwenye sakafu yenye maji, akashika miguu yangu kwa mikono miwili.

Nikamwambia inuka utalowa. Asubuhi iliyofuata nilisaga vinne kama kawaida, maana dawa hii ukiikatisha ghafla ugonjwa wote unarudi. Hilo ndilo nililojiambia.

Jumatano akaenda darasani na karatasi yake, wakampigia makofi. Akatoka pale akaingia kwa daktari wa kliniki, mimi niko kazini. Akamwambia: daktari, nimejua kwamba akili yangu inanidanganya, nataka kuanza dawa, nitameza kwa mkono wangu. Daktari akafurahi. Akamwandikia dawa ileile ya zamani, dozi ya kuanzia, vidonge viwili kwa siku. Akavichukua kwenye dirisha la hospitali, akavificha kwenye mfuko wa sweta. Hakuniambia. Alitaka amalize wiki moja bila kukosa, kisha anionyeshe pakiti tupu. Haya yote niliyajua baadaye.

Siku tatu alimeza viwili vyake juu ya vinne vyangu.

Jumamosi saa nane mchana tulikuwa sebuleni, tunakunja nguo. Wifi yangu, shangazi yake, alikuwa amekuja kusalimia na amejilaza kwenye kochi anapiga soga. Binti yangu akasema, "Mama, shingo inanivuta." Nikadhani amelala vibaya. Akasema tena, na ulimi ulikuwa mzito. Nilipoinua macho kichwa chake kilikuwa kimepinda kuelekea bega la kushoto, kidevu juu, na macho yamepanda kwenye dari hayashuki.

"Yesu na Maria, amepigwa kitu huyu!" wifi akaruka.

"Hajapigwa. Shika mkoba wangu, tafuta gari."

Nilijua ninachokiona. Nimewaeleza wateja mara ngapi. Dawa ikizidi, misuli inakaza. Lakini vinne havijawahi kumzidi kwa mwaka na nusu, na hapo ndipo akili yangu ilipokwama. Nilimsogeza mpaka kwenye gari nikiwa nimemshika kichwa kwa mikono yote miwili.

Chumba cha dharura kilikuwa na pazia la kijani na kitanda chenye magurudumu, gurudumu moja halishiki. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke wa makamo, ana haraka kama mimi.

"Anatumia dawa gani?"

Nikafungua mdomo. Binti yangu akanitangulia, kwa ulimi ule mzito, macho darini. Akajitahidi neno kwa neno. "Nimeanza... Jumatano. Viwili. Mfukoni... kwenye sweta. Mama hajui. Nilitaka... nimshangaze."

Daktari akatoa pakiti, akaisoma. Akaagiza sindano ya kulegeza misuli. Akafungua faili, akapekua. "Amekataa dawa, amekataa dawa, amekataa dawa. Ameanza Jumatano, dozi ndogo kabisa." Akachomoa kalamu nyekundu. "Mama, mwili wake haustahimili dawa hii. Kama viwili tu kwa siku tatu vimemfanya hivi, haimfai. Naandika hapa juu ya faili asipewe tena, popote atakapotibiwa."

Wakati analazwa mara tatu zile walishajaribu nyingine mbili. Moja haikugusa kitu. Nyingine ilimtoa vipele mwili mzima. Hii ndiyo pekee iliyomtoa barabarani. Kalamu ilikuwa tayari kwenye jalada.

"Usiandike," nikasema.

"Kwa nini?"

"Anaitumia mwaka na nusu. Vinne kila asubuhi. Namsagia kwenye uji. Hajui. Kwa hiyo ni sita, si viwili."

Ningeweza kumvuta yule daktari nje ya pazia. Hatua nne tu. Hilo nimelifikiria kila siku tangu siku ile, na kila siku hatua zinabaki nne. Lakini nilijibu kama ninavyojibu dirishani, papo hapo, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi.

Wifi alikuwa upande wa miguu ya kitanda. Akasema, "Wewe!" Basi.

Daktari akaishusha kalamu. Akaniangalia, akamwangalia mgonjwa, akasema taratibu, "Sawa. Sawa, mama. Vizuri umesema." Akachukua sindano kutoka kwa nesi akamchoma mwenyewe.

Binti yangu hakuweza kunigeukia. Shingo ilikuwa bado inavutwa upande ule mwingine na macho yamebaki juu, kwa hiyo alikuwa anayasikia yote huku anaangalia taa. Nilisimama pale dakika kumi nikingoja sindano ifanye kazi. Machozi yalikuwa yanamtoka pembeni ya jicho yanaingia sikioni. Nikanyoosha mkono nimfute. Akatoa sauti, si neno, nikaurudisha.

Polepole shingo ikalegea. Kichwa kikarudi katikati. Macho yakashuka, akapepesa, akajilamba midomo. Sasa aliweza kugeuka upande wowote anaotaka. Akageukia ukutani.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi," akaniambia akiwa amenipa mgongo.

"Ndiyo."

"Na nilipokuuliza?"

"Nilikudanganya."

"Nilipiga magoti."

"Najua."

Halafu akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia saa. "Na antena?"

"Antena ni antena tu, mwanangu. Hilo halina ukweli."

"Na hilo pia ulisema hapana," akasema. "Kwa sauti hiyohiyo."

Hakurudi nyumbani. Wifi alimchukua kutoka hospitali moja kwa moja. Wifi ndiye aliyekuja, peke yake, kuchukua nguo za binti yangu, akazitia kwenye begi bila kuzikunja.

"Wifi, sikuhukumu," akasema. "Mdomo wako unakwenda mbio kuliko lori, hilo tunalijua wote. Lakini ungeniambia hata mimi. Alinipigia simu analia anasema unampa kitu, nikamwambia ni ugonjwa, meza mate ulale. Na mimi umenifanya muongo."

"Anakula?"

"Anakula anachopika. Ananiweka mlangoni mwa jiko nisiingie mpaka amalize."

Nilimfuata Mwalimu kliniki, Jumatatu, nikiwa na koti langu jeupe la kazini. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Alipokuwa anasikiliza alikuwa analainisha kona ya karatasi moja kwa kidole, anailainisha tena.

"Alifanya kila kitu sawasawa," akasema mwisho. "Nilimwambia kusanya ushahidi, akakusanya. Nilimwambia tafuta maelezo mengine, akatafuta. Nilimwambia muulize mtu unayemwamini. Hatua zote, mama. Hakuruka hata moja. Na zikampeleka kwenye jibu la uongo, mimi nikampigia makofi."

"Si kosa lako."

"Najua si langu," akasema, na ndiyo mara pekee nilimsikia akiwa mkali. Halafu akapoa. "Kama ungekuja kwangu wiki moja kabla, tungemwambia pamoja. Angekasirika. Watu hukasirika, wakarudi. Sasa nimemwomba arudi darasani. Amenijibu kwamba darasa lilimfundisha kutojiamini, wakati aliyepaswa kutomwamini ni mwingine. Nimjibu nini?"

Nilirudi dirishani. Mwanamke mmoja akaniuliza kama anaweza kumsagia mumewe dawa ya usingizi kwenye supu, maana ni mbishi. Nikamwita pembeni, mbali na benchi, nikaongea naye kwa sauti ya chini muda mrefu mpaka foleni ikaanza kunung'unika. Sijui kama alinielewa.

Sasa ni miezi saba. Anachomwa sindano ya mwezi hospitalini. Aliichagua mwenyewe, kwa sababu anaiona ikivutwa kutoka kwenye kichupa mbele yake, na mimi siwezi kuifikia. Dawa ni ileile. Kwa hilo nashukuru, kalamu ile haikuandika. Lakini antena imerudi, wifi ananiambia. Feni bado haijarudi. Amefunika dirisha la chumba chake kwa kadibodi, na ukimwuliza ana uhakika kiasi gani anakujibu kwamba hachezi tena mchezo huo. Kiwanda cha mikate walikuwa tayari kumrudisha kwa majaribio. Hakwenda.

Ananiruhusu nimtembelee Jumapili, saa moja tu. Sibebi kitu. Nilijaribu mara ya kwanza kubeba machungwa, nikafikiri chungwa halijamenywa, nani anaweza kuingiza kitu kwenye chungwa. Aliyageuza moja moja kwenye mwanga wa dirisha akitafuta tundu la sindano. Alichukua muda wake, hakukimbilia. Kisha akanirudishia mfuko.

Jumapili iliyopita kulikuwa na joto. Tulikaa sebuleni kwa wifi, tukaongea habari za mvua ambayo haijanyesha. Nikahisi kiu, nikasema naenda kuchota maji. Binti yangu akainuka nyuma yangu. Akasimama kwenye mlango wa jiko, mikono ameikunja kifuani, akaniangalia. Sufuria yake ya mchana ilikuwa juu ya meko, imefunikwa, hatua moja kutoka nilipo.

Nikachukua kikombe kwa mkono wa kulia, nikafungua bomba. Mkono wa kushoto nikauinua juu, vidole vimefunguka, auone vizuri. Nikanywa hivyo mpaka nikamaliza.